Udhuru wa Baba na Nchi Iliyokwisha

Baba yangu ameitangaza nchi yetu kuwa imekwisha mara nyingi mno, hata majirani zetu wa Pasiansi, hapa Mwanza, wakaacha kushtuka. Wapita njia walikuwa wakimwamkia shikamoo, naye akishaitikia marahaba, wanamuuliza, "Fundi, nchi imeamkaje leo?" Anajibu, "Imekwisha," kisha anaendelea na chai yake. Sukari ikipanda bei, imekwisha. Umeme ukikatika, imekwisha. Umeme ukirudi, anasema wameurudisha ili tuzisikie vizuri habari mbaya.

Alikuwa fundi mitambo wa pantoni zilizovusha watu ziwani kati ya Kigongo na Busisi mpaka alipostaafu, kwa hiyo kila kitu alikipima kwa injini. Nchi, alisema, ni injini iliyonoki. Unaweza kuipaka rangi, unaweza kuibadilishia nahodha, unaweza hata kuipigia ngoma ikiwa inakokotwa, lakini yenyewe haivuti tena.

Nami sikuwa na haraka ya kumbishia, kwa sababu hakuwa mwongo. Aliikumbuka pamba ya Usukumani ilipokuwa ikisomesha watoto na kuezeka nyumba, akaushuhudia ushirika ukitafunwa na waliokabidhiwa kuulinda. Aliviona viwanda vikigeuka maghala, na maghala yakigeuka kumbi za harusi. Tena kuna jambo moja alilisema ambalo mpaka leo linanikaa moyoni: kwamba dalili ya nchi kuzama si bei ya unga, ni pale watu kijiweni wanapotazama kwanza nani amekaa nyuma yao ndipo waseme walilotaka kusema. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Nimejiona na mimi nikigeuza shingo.

Mama yeye hakuwahi kubishana juu ya nchi. Ni Msukuma wa Sengerema, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwa jirani wa tatu, na mabishano ya siasa aliyaona ni kazi ya watu waliokwishakula. Alichokuwa akiuliza ni bomba la uani. Bomba lile lilivuja mwaka mzima, usiku na mchana, nasi tuna fundi ndani ya nyumba.

"Washa za bomba za siku hizi ni za plastiki," baba alimjibu. "Nchi imekwisha."

Siku ya ugomvi, jirani yetu fundi cherehani, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa papa hapa Mwanza kama baba yake, alikuwa amekuja kunywa chai. Baba alikuwa katikati ya hotuba. Alikuwa ameshapita kwenye bandari na reli, sasa anaingia kwenye uchaguzi, mama akapita na ndoo iliyojaa maji ya bomba lile akasema, bila hata kusimama, "Baba watoto, nchi haijaisha. Wewe ndiye umeisha."

Jirani alicheka. Nadhani angejizuia, leo nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Baba aliweka kikombe chini akasema, "Basi nenda. Nenda kwenye hiyo nchi yako isiyokwisha."

Kwa watu wengine hayo ni maneno ya hasira, yanapoa na chai. Kwa watu wa mama, mwanamume akimwambia mkewe "nenda" mbele ya mgeni, amemfukuza, na mke aliyefukuzwa hajirudishi. Aliyesema "nenda" ndiye atakayekwenda kumfuata, akiwa na mbuzi na mshenga, akae mbele ya wakwe zake na kusema kilichomleta. Mama aliitua ndoo, akafunga kitenge, akaondoka kwenda kwa kaka yake mkubwa upande wa pili wa maji. Kuku wake aliniachia mimi.

Tulidhani ni mambo ya wiki. Mimi nina kibanda cha vifaa vya shule karibu na soko kuu, na nilikuwa nikifunga mapema ili nikampikie baba, huku nikimwambia, "Baba, kesho twende?" Hapo ndipo nilipoanza kuelewa faida za nchi iliyokwisha.

Kwanza ilikuwa pantoni. Asingepanda pantoni asiyoikagua mwenyewe. "Nilizozijua zilikuwa na injini," alisema. "Hizi za sasa zinakwenda kwa sala za abiria." Nilimwambia watu maelfu wanavuka. Akasema ndiyo, na wote wanasali.

Halafu ilikuwa mbuzi. Mbuzi wa siku hizi hawana nyama, malisho yamekwisha, huwezi kumpelekea shemeji yako mfuko wa mifupa. Halafu ilikuwa uchaguzi. Mtu mzima hasafiri wakati wa uchaguzi. Halafu ilikuwa baada ya uchaguzi, ambapo mtu mzima hasafiri vilevile. Kila serikali ilipoharibu jambo, baba alisononeka mchana, na jioni nilimwona ametulia kama mtu aliyeongezewa likizo.

Nilimwambia basi ampigie simu. Alipiga, mara moja, mama akamjibu, "Hukunifukuza kwa simu," akakata.

Nacheka ninapoandika, lakini wakati ule sikuwa nacheka. Mama alianza kuugua presha. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amepungua, na kile kicheko hakikuvuka hata uzio wa mjomba. Baba naye alianza kula nusu ya sahani. Niliogopa, naogopa hata kulisema, kwamba mmoja atafia ng'ambo ile na mwingine ng'ambo hii, na sisi watoto tutakuwa tukigawana misiba wakati kati yao kuna maji ambayo mtu akisimama Kigongo anaziona nyumba za Busisi. Nilimweleza baba hivyo hivyo. Akasema barabara za nchi hii zinaua.

Wakati huohuo nchi, bila kumuuliza, ilikuwa ikimharibia mambo. Nguzo za daraja lililokuwa likijengwa kati ya Kigongo na Busisi zilizidi kusogeleana majini, mwaka baada ya mwaka. Baba alisema hazitakutana. Zilipokaribia kukutana, alisema zimekosana kidogo. Zilipokutana, alisema tungoje mvua. Kisha daraja likafunguliwa, watu wakalivuka kwa miguu wakipiga picha, na jirani yetu fundi cherehani akarudi kutoka huko na soda mkononi akasimama mlangoni kwetu.

"Fundi," alisema, "nimekwenda Busisi na kurudi, na chai yangu nilikuwa nimeiacha mezani."

"Ilikuwa imepoa?"

"Imepoa, lakini nimeinywa."

Baba akatoa udhuru ambao, kwa kweli, ulikuwa bora kuliko yote. Alisema daraja lile limewanyang'anya riziki akina mama waliokuwa wakiuza samaki, mayai na mahindi ya kuchoma kwenye foleni ya pantoni, kwa hiyo yeye kama mtu mwenye dhamiri hawezi kulivuka. Kulivuka ni kuunga mkono dhuluma. Na ni kweli, akina mama wale walipata hasara, na wengi nawafahamu. Lakini nilimtazama baba yangu, mzee mwenye mvi, amejificha nyuma ya muuza mayai, nikakasirika kuliko nilivyowahi kukasirika mbele yake.

"Baba," nilisema, "mimi Jumamosi naenda kumwona mama. Gari nimeshakodi. Mbuzi nimeshanunua. Ukibaki, nitamwambia mjomba kwamba umekufa, maana mtu mzima asiyeweza kufika Sengerema ni marehemu."

Jirani akasema, "Na mimi ndiye mshenga. Nilikuwapo wakati wa kufukuza, nitakuwapo wakati wa kurudisha. Kwanza nina deni la kile kicheko changu."

Jumamosi baba alitoka amevaa koti. Kuhusu safari sina mengi, isipokuwa kwamba mbuzi alilia njia nzima, na kwamba juu ya daraja baba alimwomba dereva apunguze mwendo, akainama dirishani kutazama maji pale alipofanyia kazi ujana wake wote. Hakusema kwamba imekwisha.

Kwa mjomba tulipokelewa kama tulivyostahili. Tulionyeshwa benchi juani. Maji hatukupewa. Watu wa mji ule walipita mbele yetu wakienda na kurudi, wakimsalimia mbuzi kwa macho. Jirani yangu wa benchi, mshenga wetu, alianza kujifuta jasho na kuninong'oneza kwamba kwao mtu akikosa anapewa angalau kahawa ndipo asemwe. Hatimaye mjomba, ambaye ni mzee kuliko baba na mkavu kama kuni, alitoka na kigoda chake akaketi kivulini.

"Kalibuni," alisema kwa lafudhi yake ya Kisukuma. "Shemeji, umekuja kufanya nini?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake linajulikana na kila mtoto wa pale. Baba alisimama, akakohoa, akaanza. Alisema kwamba, shemeji, kama unavyofahamu, nchi yetu imepita katika kipindi kigumu. Alisema habari za vivuko. Alisema hali ya uchumi, malisho ya mifugo, na mazingira ya kisiasa ambayo hayakuruhusu. Nilitamani ardhi ya Sengerema inimeze na benchi lake.

"Shemeji," mjomba alisema, "habali za nchi hatujauliza. Ledio tunayo. Umekuja kufanya nini?"

Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Nilikuwa nikiiona miguu yake. Baba naye aliiona, maana aliacha kumtazama mjomba akaongea na ile miguu.

"Nimekuja kumuomba," alisema. Akaanza upya. "Nimekosa. Pantoni ilikuwa nzima muda wote. Ningeweza kuja. Niliogopa nikifika atasema hapana, na nikirudi na hapana sitakuwa na pengine pa kwenda. Ndiyo maana nilisema mambo ya nchi. Nchi haiwezi kunijibu."

Sijawahi kumsikia baba yangu akisema kwamba anaogopa kitu. Mshenga alikuwa ameandaa maneno mazuri ya kupamba, na methali mbili, lakini aliyameza yote akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nikilia, na sikuona haya.

Mama alitoka. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, kwa hiyo alikuwa amejua tunakuja, na nadhani alikuwa amejua muda mrefu kuliko mimi. Alimtazama mumewe kuanzia koti mpaka viatu.

"Ungekuja mwanzoni ningekataa," alisema. "Nilikuwa na hasira, ningekataa mbele ya watu wote hawa, na ungeondoka na mbuzi wako. Baadaye ningekubali. Hapo katikati, baba watoto, nilikuwa nimefungasha nguo. Kila gari likisimama barabarani nasema ni wewe. Kisha nikazifungua."

"Na sasa?" baba aliuliza.

"Sasa sijui. Hiyo miaka hunirudishii. Nina karanga shambani zinangoja kung'olewa. Kaa hapa uzing'oe, nikutazame."

Nilidhani atakataa. Mgongo wake haukuwa wa karanga. Lakini alivua koti, akanikabidhi, akamuuliza mjomba shamba liko upande gani. Mjomba akasema kwanza anywe maji, na ndipo maji yakaletwa, yetu sote, na mbuzi akaondolewa mbele ya macho yetu.

Tulirudi Pasiansi wawili, mimi na mshenga. Walipoona kiti cha baba kitupu, majirani waliniuliza kama amegoma kurudi au amekataliwa. Nikawaambia yuko uangalizini. Kuhusu nchi, kama itapona, wapo wanaoniuliza hata hilo, kana kwamba mtoto wa fundi amerithi cheo. Nawaambia sijui. Najua tu kwamba nimemjua mtu mmoja aliyekuwa na hakika kabisa kwamba haiponi, na hakika ile ilimfaa sana.

Wiki zikapita. Nilimpigia mama nikiwa sokoni, nanunua nyanya, nikamuuliza wanarudi lini.

"Wanarudi nani?" alisema. "Karanga zimekwisha, sasa nimempa mahindi. Bado namtazama. Jana kaniambia bei ya mbolea imepanda, nchi imekwisha."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia anyanyue jembe, nchi yenyewe haijamwambia kwamba imekwisha."

Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko chake kile cha jirani wa tatu, chote, hakijapungua hata kidogo, na nyuma yake nikamsikia baba akicheka pia, akikohoa, akisema kitu ambacho sikukisikia. Nilisimama palepale na simu sikioni, machozi yakinitoka, mpaka mama muuza nyanya akaniongezea fungu zima, akidhani nimefiwa.