Siku Mjomba Aliponishusha Maporomokoni

Kamba ya katani ikilowa inanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Jirani yangu hapa Mafiga anaanika nguo kwenye kamba ya namna hiyo, na kila mvua ikipita harufu inaingia ndani, nami naacha ninachofanya nikafunge dirisha. Anadhani naringa. Acheni niwaambie nyinyi.

Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya Desemba, tunakaa Bigwa pale barabara inapoanza kupandisha mlima. Mjomba Boni, kaka mkubwa wa mama, alikuja kutoka Dar. Alikuwa dereva wa watalii, na kwa kuwa aliwahi kuwaona wageni wake wakishuka miamba kwa kamba, akaona na yeye ni fundi. "Mwaka huu watoto wangu nao watatalii," alisema. Watoto wangu, yaani mimi na kaka Fausti. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba, mwalimu aliyetoka Singida, alikuwa ameoa tu. Hata shamba tulilolima na nyumba tuliyolala vilikuwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama, na aliyeigawa ardhi hiyo alikuwa Mjomba huyo huyo.

Tukapanda asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, akina mama wakishuka na matenga ya karoti kichwani. Siwezi kudanganya, mwanzo ulikuwa mtamu. Tulikalia magome ya mgomba tukateleza kwenye mwamba wenye utelezi mpaka bwawani, tukapanda tena, tukateleza tena, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mama alitumenyea mayai ya kuchemsha, vidole vyetu vikiwa vimekunjamana kwa maji.

Halafu Mjomba akatoa kamba ya katani.

Akaizungusha kwenye mti juu ya maporomoko, mahali parefu kama nyumba ya ghorofa, akashika ncha ya pili mwenyewe. Fausti akashushwa kwanza, pembeni ya maji, akafika chini anacheka. Mimi nikafungwa kiunoni.

"Shemeji, huyu bado mdogo," baba alisema. "Na maji yameongezeka."

"Mwalimu, wewe umeoa kwetu, watoto tuachie wenyewe. Au ndiyo mara ya kwanza kuona maji mengi, mtu wa Singida?"

Mama akacheka. Baba naye akacheka kidogo, akaanza kushuka kwenda kutungojea bwawani. Nilimwangalia mama, nikisubiri aseme neno. Akaniwekea blauzi vizuri, akasema, "Shika kwa nguvu, Pela."

Nilipofika katikati mguu uliteleza, kamba ikanibembeza, nikaingia chini ya maji yenyewe. Jamani, maji yale hayakuwa maji, yalikuwa magunia ya mchanga yanamwagwa kichwani bila kuisha. Nilifungua mdomo nivute pumzi nikavuta maji. Kamba ilipanda kwapani ikanibana. Mbele ya jicho langu palikuwa na doa la kuvu ya kijani mwambani, karibu kabisa, na nakumbuka nililiangalia kwa makini kama mtu asiye na haraka. Juu kule mwamba ulikuwa umetokeza, Mjomba hanioni. Alidhani nacheza, akaendelea kushikilia.

Baba hajui kuogelea. Aliingia na suruali yake na viatu, maji yakamfika shingoni, akaparamia mwamba mpaka akanishika mguu. "Legeza," alipiga kelele. "Boni, legeza." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akimwita shemeji yake kwa jina.

Nikatapika maji juu ya jiwe. Baba alikuwa anakamua suruali, kiatu kimoja kimekwenda na mto. Mjomba akashuka taratibu anakunja kamba yake. "Si mnamwona? Kakomaa huyu."

Na mama, aliyeshuka nyuma yake, akasema, "Pela, mwambie mjomba ahsante kwa matembezi."

Nilidhani sikusikia. Akarudia. Nikasema ahsante mjomba, maji yakinitoka puani. Maji yale hayakunishtua kama maneno yale.

Nilipokua nikajua kwa nini mama aliyasema. Mama mdogo aliyewahi kumpinga Mjomba alinyang'anywa kiwanja, akahama na watoto na masufuria yake. Ahsante yangu ilitulipia nyumba. Hilo kichwa kilielewa, roho ikakataa. Nilimweka mama kwenye kundi la watu wanaotazama bila kuona, nikaishi hivyo.

Mwaka jana nikajifungua mtoto wa kiume. Mama alikuja hospitali na chupa ya uji, Fausti nyuma yake anajitangaza wodini kwamba mjomba wa mtu amefika. Fausti alipotoka kuongea na simu, mama, mtoto mikononi, akasema bila kuniangalia, "Kaka yako akimtaka huyu kwa mambo yake ya ujomba, na roho yako haitaki, kataa. Kataa mwenyewe. Usimwachie mumeo."

Hakuwa amewahi kuigusia siku ile hata mara moja. Akanimiminia uji, akaniambia ninywe ungali moto.

Nikakishika kikombe bila kunywa. Miaka yote nilidhani pale juu mama hakuona hatari. Aliiona kabla ya baba, akamwachia baba aseme, na akacheka.