Chatu wa Bibi Alipokaribia Kutaga
Harufu ya gunia lililoloa hunirudisha kwenye kibanda ambamo bibi alifuga chatu wake wa kucheza naye ngoma. Lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa lilipofika, bibi alikuwa akimfunika chatu kwa gunia bichi.

"Shikamoo, mama. Pakieni vyombo," alisema ofisa aliyekuja nalo.

"Marahaba. Huyu ana mayai, na jana amevua gamba. Atataga mwezi ukiandama tena. Hatuhami kabla."

Mwezi ulipoandama, ofisa alirudi na lori. Alichungulia kibandani, akaona chatu amejiviringisha juu ya mayai.

"Ameshataga, mama. Twende."

Bibi alikaa mlangoni, akanipakata.

"Kamwambie aliyekutuma," alisema, "kwangu mzazi hatolewi ndani kabla ya arobaini."