Wajane Watano wa Khelef

Khelef muuza kahawa alikufa hana mke, na kabla mwezi haujaisha akaoa wake watano. Msinitolee macho! Mimi ndiye niliyewavisha nguo nyeupe hao wake zake, na mmoja wao ni huyu Turkiya mnayemwona hapa Ibra, bara ya Maskati, akishona kofia mlangoni, mdomo kaufunga kama kabana sindano. Watu husema mkali. Mimi khalati yake, dada wa mamake, nasema hajawa mkali vya kutosha.

Mwaka wa sabini, kwetu Unguja, serikali ya siku zile ilikuwa imeshachukua mashamba na nyumba, ikaona haijashiba. Ikataka na wanawali. Mtoto wa Kiarabu anaandikwa jina, anaozwa mtu asiyemjua, na baba akikataa, jela. Na aliyeshika daftari la mtaa wetu nani? Harub bin Sleyum! Kabila moja nasi, kasoma chuo kimoja cha Kurani na kaka zake Turkiya, kila Ijumaa mkono wake umo katika sinia yetu. Wali tuliompa ungemtosha tembo, na tembo angekuwa na shukurani.

Turkiya alikuwa na miaka kumi na tisa na jina lake limo daftarini. Wenziwe walilia. Yeye alisimama dirishani, akalitazama jeneza la Khelef linapita, akaniambia, "Khalati, mjane haozwi."

"Mjane wa nani?"

"Wa huyo."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Khelef alikuwa na miaka sabini, na mapenzi yake yote yalikuwa kwa mdele wake, birika lake la kahawa. Lakini mtoto alisema kweli. Mwanamke aliyefiwa na mume yumo edani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, haposwi, wala mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Na wale askari, pamoja na bunduki zao, walikuwa Waislamu waliofundwa na mama zao. Katika muda huo tungepata njia ya kuwatorosha.

Mwalimu wa chuo, Mungu amrehemu, akaandika hati za ndoa kwa tarehe za nyuma. Turkiya, na mabinti watatu wa jirani. Wanne, kama sheria inavyomruhusu mwanamume. Wakakaa ndani kwangu wanamlilia mume ambaye hawakumjua ila kwa mlio wa vikombe vyake. Machozi yalijaza birika mbili, na ya tatu tukawaazima majirani.

Mimi nikakaa mlangoni. Askari wakija nawaambia, "Karibuni, lakini yule wa Bububu aliyechungulia juzi, mpaka leo anautafuta uanaume wake kwa tochi." Walikuwa wakirudi kinyumenyume.

Tulikosea pahala pamoja. Turkiya ana mdogo wake, Ghalia, miaka kumi na mitano. Tulidhani hawatamwandika, yu mdogo mno. Wiki ya tatu wakamwandika. Turkiya akamvuta ndani, tukamvisha nyeupe, mwalimu akaongeza hati. Maiti mwingine hatukuwa naye. Khelef akawa na wajane watano.

Kesho yake Harub akaja mwenyewe na askari wawili, daftari kwapani.

"Hodi! Bi Radhia, shikamoo. Wajane wangapi humu?"

"Marahaba. Watano, mwanangu. Marehemu alikuwa na moyo mpana."

Harub akatabasamu. "Watano, Bi Radhia?"

Turkiya akajibu nyuma ya pazia, "Mmoja alimwacha."

"Lini?"

"Mwezi mmoja kabla hajafa."

"Basi alipokufa, huyo alikuwa bado edani mwa talaka, bado mkewe. Huyo wa tano alimwoa vipi? Na kama si mkewe tena, basi hana eda, nimchukue. Chagueni."

Na elimu ile aliipata wapi? Kwa mwalimu yule yule aliyetuandikia hati! Dini nzima kaisoma, akaona ya kumfaa ni hiyo moja.

"Ndoa ya mwisho ndiyo batili," akasema. "Ghalia, toka."

Turkiya akalichana pazia. Akatoka kichwa wazi mbele ya wanaume, akamkumbatia mdogo wake, na askari akampiga kwa kitako cha bunduki. Meno mawili ya mbele. Ndiyo maana haufungui mdomo hovyo. Ghalia akachukuliwa na nguo zake nyeupe za kufiwa, na hatukuambiwa kapelekwa wapi. Wale wanne eda iliwasitiri mpaka tukawapitisha kwa njia za panya, na sisi baadaye tukafika huku kwa wazee wetu.

Miaka kumi na miwili Turkiya kauliza. Kila anayekuja kutoka Afrika, ashukie Maskati au Nizwa, atafuatwa: umemwona Ghalia? Mtu mmoja tu alijua, aliyeshika daftari.

Na mwaka wa themanini na mbili, huyo! Harub kaja Ibra, kanzu nyeupe, udi unamtangulia hatua saba. Serikali aliyoitumikia ilimtafuna naye. Sasa anataka karatasi za uraia, na Sheikh Abdullatif, mkubwa wa kabila, hatii sahihi mpaka apate mashahidi waliomjua babake: wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili. Mwanamume kampata, mzee Marhoun, jirani yetu wa zamani. Wanawake wa mtaa ule waliofika Ibra ni wawili tu. Mimi na Turkiya.

Tukaitwa kwenye sabla ya sheikh, ukumbi wake wa baraza. Njiani nikamwambia, "Tumkane."

"Khalati, nilisema uwongo kwa ajili ya wanawali watano. Kwa Harub sisemi. Hata uwongo ni mwingi kwake."

Mbele ya wanaume wote akafungua mdomo, pengo likaonekana. "Namjua. Ni Harub bin Sleyum, damu yetu. Na kwa kuwa nimeapishwa kusema kweli, ngoja niimalize." Akaisema yote, pazia, hesabu, bunduki. Vikombe vya kahawa vikabaki mikononi mwa watu.

"Ya Harub," sheikh akauliza, "haya ni kweli?"

"Nilitumwa, ya sheikh. Ilikuwa kazi."

"Mdogo wangu mlimpeleka wapi?" Turkiya akauliza.

Harub akatazama mkeka. "Sikumbuki. Walikuwa wengi."

Wallahi! Walikuwa wengi! Sheikh akanigeukia. "Na wewe, Bi Radhia? Unamjua babake?"

"Sikumbuki, ya sheikh. Waarabu walikuwa wengi."

Turkiya akanibana mkono. Sheikh akafunika kalamu. "Shahidi mmoja mwanamume, mmoja mwanamke. Haitoshi."

Mungu wangu, yule mtu alivyokumbuka! "Wete!" akapiga kelele. "Alipelekwa Wete! Kwa fundi wa karakana ya serikali! Nyumba iko nyuma ya hospitali! Bi Radhia, nakuomba, Bi Radhia!"

Miaka kumi na miwili mwana kapotea, kumbe hata nyumba anaijua.

"Aa," nikasema, "sasa uso wa babako unanijia." Nikatoa ushahidi wangu, nao ulikuwa kweli. Karatasi akapata. Nisamehewe na nani sijui, lakini bei yake ilikuwa Ghalia.

Sasa anakaa hapa hapa. Kila asubuhi anapita kando ya falaji, mfereji wa maji wa mji, anatupa shikamoo yake. Turkiya hamwitikii. Wala mimi. Nimewafunza na mabibi wote wa upande huu wa mji wasimwitikie, na shikamoo isiyo na marahaba huozea mdomoni. Nimeona meno yake yameanza kuwa meusi.

Barua ya Ghalia ilikuja kwa mkono wa msafiri, baada ya miezi minane. Yu hai. Ana watoto watatu. Hasemi mume mwema wala mbaya. Mwisho kaandika: "Dada, nimekuwa nikijiuliza siku zote. Kwa nini mimi nilikuwa wa tano?"

Marhoun akakaa na kalamu kutuandikia jibu. Nikamwambia, "Andika, tulidhani hawatamwandika, alikuwa mdogo." Marhoun akatazama juu. Turkiya kaiweka kofia chini.

"Usiandike hivyo," akasema. "Andika: nilijiweka wa kwanza."