Rivasi Hadi Akheri

Pale kijiwe cha teksi cha Tengeru mwanamke ni mmoja tu, shangazi yangu Elinipa. Kazi yake ni kupandisha watu mlimani, kijiji cha Akheri: wajawazito, wazee waliotoka kliniki, kina mama wenye mizigo ya soko. Gari lake ni dogo, la kijivu, otomatiki. Haongei sana. Akikasirika anafuta vioo.

Wenzake wawili wana magari ya aina hiyo hiyo, na yote matatu yana ugonjwa mmoja, gia boksi. Asubuhi wakisubiri abiria wanasimuliana kama wagonjwa kwenye benchi.

"Yangu ukiweka D inakaa kwanza, inafikiri," alisema Ludovick, Mchaga wa Marangu.

"Imefanana na mwenyewe," Shangazi akamjibu.

"Na yako inayopiga teke kama punda wa King'ori?"

"Angalau yangu inaondoka."

Fundi Sumari aliwasikia, akawaambia gari halina kosa. "Nyie wa mlimani mnashusha frii, gia mmeitoa, kutoka Akheri mpaka lami. Mnadhani mnabana mafuta. Otomatiki haitaki hivyo, inajichoma ndani."

Shangazi akachukua kitambaa, akaanza kufuta vioo. Kushusha frii alifundishwa na baba yake, babu Nathanaeli, aliyeendesha lori la kahawa la ushirika miaka mingi. Habari ya kuendesha, babu akishasema imekwisha. Kesho yake alishusha frii kama kawaida.

Mwezi wa tano babu alilazwa. Saratani ilishaingia kwenye mifupa ya mgongo, na daktari akasema tumpeleke nyumbani. Babu aliomba kitu kimoja tu, afie kwake, siyo wodini wala njiani. Nesi akatuonya kwamba akishaingia kwenye gari asiinuliwe tena mpaka afike, maana kila akiinuliwa pumzi inapungua. Tukamlaza kiti cha mbele. Mimi nikakaa nyuma nimemshika mabega.

Mlima ulipoanza, gari lilinguruma bila kwenda. Shangazi akaweka D, akaweka L, gia ya mlima. Injini ikalia tu, tukaanza kurudi chini. Akavuta hendibreki.

"Nimpigie Ludovick?" nikauliza.

"La kwake limeshushwa gia boksi. Na hata akija na gari la mtu, nani atamwinua baba?"

Babu akafumbua macho. "Rivasi inashika?"

Shangazi akajaribu. Ikashika.

"Basi geuza. Tupande kinyumenyume."

Akaingiza matako ya gari kwenye njia ya shamba la watu, kisha akaliachia litelemke kidogo mpaka pua ikatazama chini. Tukaanza kupanda tukiipa Akheri mgongo.

Kijana wa bodaboda alitukuta kwenye kona, akacheka. "Mama, umesahau mbele ni wapi?" Halafu akamwona babu. Akavua kofia, akatangulia juu kusimamisha magari yaliyokuwa yanashuka.

Shangazi aliendesha shingo imegeuka. Upande wa kushoto hakuona vizuri, na huko ndiko kulikuwa na mfereji. Babu alikuwa anaangalia kioo cha upande wake.

"Mfereji huku. Vuta kulia," alisema kwa sauti ndogo. "Inatosha. Usikanyage sana, iache ivute yenyewe."

Kila neno lilimgharimu, nilikuwa nasikia mabega yake yakipanda. Nikataka kumwambia apumzike, nikaacha.

Tulipofika penye tambarare kidogo babu akauliza, "Ulikuwa unashusha frii?"

Shangazi akazidi kugeuza shingo kutazama nyuma.

"Lile lilikuwa lori, Elinipa. Hili siyo lori. Ungeniuliza ningekwambia."

"Angalia kioo, baba."

"Naangalia." Baadaye kidogo akasema, "Jiwe. Kulia tena."

Tulifika jua likiwa bado juu ya migomba. Gari lilikuwa linanuka kuungua. Majirani wakamtoa babu kwa shuka, mara moja tu, mpaka kitandani kwake. Shangazi alibaki ameshika usukani, nikamfungulia mlango, akashuka na shingo yake haigeuki.

"Tumefika?" babu akauliza, ingawa alikuwa anaona ukuta wa chumba chake.

"Tumefika, baba."

Alifariki Jumapili, wengine tukiwa kanisani. Tuliporudi tulimkuta Shangazi amekaa naye, amemshika mkono. Hakuwa amemwita mtu.