Bunge Lilipovunjwa Shuleni Kwetu Al Wakrah

Juzi nilirudi Al Wakrah, kule Qatar, baada ya miaka mingi, nikaingia kwenye kafiteria moja karibu na mtaa tuliokulia. Nimeketi na karaki yangu, ile chai nzito ya maziwa na iliki, nasikia runinga inatangaza habari za nchi moja ambako serikali na bunge wameshikana mashati mpaka bunge likavunjwa, na wananchi wanarudi kupiga kura kabla ya wakati. Meza ya pili walikaa madereva wawili wa kwetu Tanzania. "Uchaguzi wa mapema haubadilishi kitu," mmoja wao alisema. Nilicheka peke yangu, rafiki yangu. Mimi nimegombea uchaguzi wa mapema, papa hapa, nikiwa na miaka kumi na miwili.

Enzi hizo tulikaa vyumba viwili: baba, aliyekuwa dereva wa familia moja ya Al Rayyan, mama, bibi, mimi na mdogo wangu wa darasa la kwanza. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kufagia vumbi, maana upepo wa shamali huliingiza ndani hata madirisha yakifungwa. Alasiri nilianika nguo juu ya paa. Ukifika ya mwisho, ya kwanza imeshakauka kama karatasi. Bibi alipotoka Tanga aliiogopa Qatar, mpaka Ramadhani jirani Mqatari alipotuletea bakuli la lugaimati. Alitia moja kinywani, akafumba macho. "Kumbe kaimati!" akasema, na hofu ikamwisha.

Shule yetu ilikuwa ya watoto wa wageni: Wasudani, Wapakistani, Wafilipino, na sisi wachache wa Afrika Mashariki. Uwanja wenye paa ulikuwa mmoja tu, na wakati wa mapumziko ulikuwa wa timu ya mpira. Wadogo wa darasa la kwanza mpaka la tatu walipanga foleni ya maji juani. Siku moja mdogo wangu akaanguka kwenye foleni ile, akazimia. Sijasahau uso wake ulivyokuwa mkavu na wa moto.

Tulikuwa na bunge la wanafunzi, wabunge kumi na wawili. Hoja ikaletwa kwamba wadogo wapewe kivuli. Sita wakaunga mkono, sita wakakataa. Wiki iliyofuata, vile vile. Wiki ya tatu upande wa mpira ukasusa, kikao kikakosa akidi. Mwezi mzima bunge halikupitisha hata ombi la chaki, na jua halikumsubiri mtu.

Ndipo mwalimu wa uraia, Msudani mpole asiyepandisha sauti, akatukusanya ukumbini. "Bunge lililoshindwa kuamua," alisema, "lirudi kwa waliolichagua." Akalivunja, muhula mzima kabla ya wakati wake. Akaongeza kwamba mara hii atakuwepo spika, atakayechaguliwa na shule nzima, na kura yake ndiyo itakayovunja sare.

Nikajiandikisha kugombea uspika. Mpinzani wangu alikuwa nahodha wa timu, mrefu, mcheshi, kila mtu anampenda. Hata mdogo wangu alikuwa akihesabu magoli yake! Nilirudi nyumbani nimenywea. Jirani wa ghorofa ya chini, Mkenya aliyekuwa askari wa hoteli, alinikuta ngazini.

"Sasa wewe, hao wakubwa wanakusumbua nini?" aliniuliza. "Hao watoi wadogo wanapiga kura ama hawapigi?"

"Wanaruhusiwa, lakini hakuna anayewaomba."

"Basi enda kwao. Kura haijui umri."

Bibi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akadakia: "Na usiombe kama anayeomba sadaka, mjukuu wangu. Waambie utawafanyia nini."

Kesho yake nilimuuliza mwalimu: wasiojua kusoma watachaguaje? Akaagiza karatasi za kura ziwe na picha badala ya majina. Nahodha akachukua mpira. Mimi nikachukua mwavuli. Nikaingia darasa la kwanza nikauliza, "Nani amewahi kuumwa kichwa kwenye foleni ya maji?" Mikono yote ikaenda juu. Binti mmoja Mpakistani, meno ya mbele hana, akauliza, "Kwani na sisi tunachagua?" Nikamwambia ndiyo. Akageuka kuwatazama wenzake kama aliyepewa zawadi ya Idi.

Kura zilihesabiwa ukumbini, mbele ya wote. Mwalimu alianza na sanduku la madarasa ya juu: mpira, mpira, mwavuli, mpira, mpira. Upande wa timu ukaanza kuimba. Kisha likafunguliwa sanduku la wadogo. Mwavuli. Mwavuli. Mwavuli. Nyimbo zikanyamaza, kelele nyembamba za watoto zikapanda, mpaka mwalimu mwenyewe akashindwa kuficha tabasamu. Nilishinda kwa kura kumi na tisa. Nahodha alinipa mkono, akasema, "Umenifunga nyumbani kwangu."

Kikao cha kwanza cha bunge jipya, hoja ya kivuli ikagota tena sita kwa sita. Nikasimama, nikaupigia upande wa kivuli kura yangu. Kengele ya mapumziko ilipolia, wadogo waliingia chini ya lile paa wakikimbia, wakajilaza kwenye sakafu ya baridi, wakicheka tu.

Jioni ile baba aliomba kuiona karatasi ya kura. Mwalimu alikuwa amenipa moja iliyobaki. Baba aliigeuzageuza. Ndipo nilipojua kwamba hajawahi kupiga kura maishani. Aliondoka kwao kijana, na kila uchaguzi ulimkuta nyuma ya usukani wa gari la watu. "Basi leo nyumba hii imepiga kura," alisema, na mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakagonga mlango.

Sasa shule ile haipo, pamejengwa maduka. Nyumba yetu nayo imebomolewa. Bibi amelala Tanga, na jirani yule Mkenya alirudi kwao bila kuacha namba. Nilipotoka kafiteria nilisimama pale shule ilipokuwa, nikatafuta hata kipande cha ukuta, sikukiona. Lakini sikuondoka mnyonge. Mahali pale, watoto wasiojua kuandika majina yao walibadilisha sheria ya shule, na walijua kwamba ni wao walioibadilisha.