Chewa wa Qantab Siku za Baridi

Mume wangu hakuwa mvuvi. Alikuwa karani wa wizara moja huko Al Khuwair, mjini Maskati, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kofia iliyokaa sawa, asiyependa hata kumwagikiwa chai. Lakini baridi ikiingia, kila Alkhamisi asubuhi, siku ya mapumziko ya serikali wakati ule, aligeuka mtu mwingine. Alivaa sweta lake la kijani lililotoboka viwiko, akachukua fimbo ya kuvulia na mfuko wa ngisi wa chambo, akaenda kusimama juu ya majabali kumngoja chewa. Wakati wa joto hakuwa na habari na bahari. Alisema chewa wakubwa joto likizidi hushuka mbali chini, maji yakipoa husogea pwani, na bahari ikichafuka ndipo wanapokuja kabisa kwenye povu chini ya mwamba, kuokota samaki wadogo waliolevywa na mawimbi. Kwa hiyo siku mbaya kwetu sisi ilikuwa siku njema kwake. Niliolewa naye mwanzoni mwa miaka ya tisini, na jambo hili halikutajwa kwenye posa.

Mimi nimezaliwa Tabora. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa msichana mkubwa, familia yetu ilipohamia Maskati, na mpaka leo sijui kuogelea. Upande wa mume wangu ni watu wa Unguja, na mama yake, tuliyekaa naye nyumba moja, alikuwa akinitania kwamba hata nikioga maji ya ndoo natafuta pa kushika. Nilimpenda sana mama yule. Lakini yeye ndiye aliyeniletea mwiko uliokuja kunikosesha raha kila msimu wa baridi.

Wiki za mwanzo za ndoa, nilimwuliza mume wangu mlangoni, kwa nia njema kabisa, "Leo unakwenda kuvua wapi?" Alisimama. Akaiweka fimbo pembeni, akavua sweta, akarudi kukaa sebuleni na gazeti. Nikadhani anaumwa. Mama mkwe akanivuta jikoni.

"Mwanangu, mtu anayekwenda kuvua haulizwi anakwenda wapi. Ukimuuliza ushamfungia riziki yake. Hata akienda, hapati kitu."

"Na asiporudi, mama, tutamtafuta wapi?"

"Atarudi. Baba yake nkimwacha vivi hivi, na akirudi."

Kweli mkwe wangu mwanamume alifia kitandani kwake, kwa hiyo ushahidi wa mama mkwe ulikuwa umekamilika. Nikajifunza kunyamaza. Nikajifunza pia kupeleleza kwa macho. Akivaa viatu vyenye soli za mpira mnene, anakwenda kwenye majabali makali. Akibeba chupa kubwa ya maji, anakwenda mbali. Nilikuwa najumlisha haya kimoyomoyo huku nikimpa chai, halafu nasema tu, "Haya, Mungu akurejeshe."

Mara moja tu alinichukua nikaone, akaendesha gari hadi pahala bila kunitajia jina la huko tuendako, na mimi ndani ya gari nimefunga mdomo kama mtoto aliyeonywa. Alisimama nyuma ya ukingo, si pembeni kabisa, akarusha ngisi kwenye maji meupe na kuuacha mshipi uzame. Alinieleza kwamba chewa hachezi na chambo. Anakimeza na kurudi nacho shimoni kwake, na ukimpa nafasi ya kugeuka tu, amejikaza humo ndani na hatoki tena. Kwa hiyo mtu hungoja muda mrefu bila kufanya lolote, kisha inabidi avute kwa nguvu zake zote mara moja. Akavuta. Nilimwona ameinama nyuma, miguu inateleza, nikamshika shati. Chewa alitoka, mnene, wa kahawia, ana madoa ya rangi ya chungwa na mdomo mpana wa kuingiza ngumi. Mama mkwe alikipika kichwa kwa tui la nazi na ndimu. Ubaya wake ni kwamba kilikuwa kitamu, hata mimi niliyekuwa nimenuna nikaomba tena.

Sasa Alkhamisi ninayotaka kuisimulia. Mvua ilikuwa imenyesha, na asubuhi ukaamka upepo wa kaskazini, ule wa kupekenya masikio. Watu wa nchi za baridi hucheka tukisema Maskati kuna baridi, lakini waje wasimame ufukweni siku ya shamali, kisha wacheke. Mume wangu alikunywa chai amesimama. Nilitaka kumwambia asiende. Nilichosema ni kwamba sweta moja halitoshi, akavaa na la pili chini ya lile la kijani, akaondoka.

Mchana ukafika, hakurudi. Kwa kawaida alikuwa nyumbani kabla ya adhuhuri. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za wakubwa, sisi tulikuwa na simu moja ukutani, na nikaanza kuiogopa kwa kuwa hailii na kuiogopa zaidi kwamba italia. Nikaosha vikombe. Nikavifuta, nikaviosha tena. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye zulia, mwanangu mdogo amelala mapajani mwake, na tasbihi ilikuwa inakwenda mbio kuliko mtu anavyoweza kutamka. Upepo ulipoangusha kitu juu ya dari, tulitazamana.

"Kaazime gari la kaka yako," alisema. "Anzia Qantab, kule ng'ambo ya milima."

"Umejuaje mama?"

"Kachukua mshipi mnene, na kavaa viatu vile. Nna macho mie."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba miaka yote hiyo na yeye alikuwa akipeleleza kama mimi, na kwamba mwiko wake haukumpa utulivu hata kidogo. Kujua hivyo kulinitia hofu mara mbili.

Nilikwenda kwa kaka yangu, nikachukua gari, nikaendesha. Pale Matrah mawimbi yalikuwa yanaruka ukuta na kumwagikia barabara, magari yanapita polepole yakiwa na chumvi kwenye vioo. Kisha nikaingia kwenye milima, na nikateremka Qantab, na gari letu lilikuwa pale. Limefungwa, chupa ya chai imo juu ya kiti. Sijui kama niliwahi kufurahi na kuogopa kwa wakati mmoja namna ile. Mashua zote zilikuwa zimevutwa juu kabisa ya mchanga. Nyuma ya mashua moja, palipokingwa na upepo, mzee wa pale kijijini alikuwa amejifunika blanketi akishona wavu. Nilimsalimu kwa Kiarabu, nikamuuliza kama amemwona mwenye gari lile.

Alinyoosha kidevu kuelekea mwisho wa ufuko. Kulikuwa na mwamba mpana uliojitenga. Maji yakitoka, mtu hufika kwa miguu juu ya mawe. Maji yakijaa, pale katikati pana mfereji wa bahari, na siku hiyo mfereji ulikuwa unachemka. Na juu ya mwamba niliona rangi ya kijani.

"Alikwenda asubuhi," mzee alisema. "Maji yalikuwa yanaanza kujaa."

"Ukamwona anakwenda na maji yanajaa, ukanyamaza?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Binti yangu, alikuwa na fimbo mkononi. Mtu anakwenda zake kuvua, nimsemeshe?"

Nilitamani kumchania ule wavu. Nikajizuia, nikamuuliza kama maji huwa yanaufunika mwamba ule. Akasema si kawaida. Akautazama upepo, akasema kwa upepo huu Mungu ndiye ajuaye. Na mashua? Akatikisa kichwa, na hata mimi wa Tabora niliweza kuona kwamba hakuna mashua ya kutoka pale na ikarudi. Tusubiri maji yatoke, alisema, jioni yatakuwa yametoka.

Nilikwenda mpaka mwisho wa mchanga. Tulikuwa tunaonana vizuri, lakini upepo uliyachukua maneno yote. Nilipaza sauti mpaka koo likakauka. Yeye alipunga mikono yote miwili, na mimi nikafahamu kwamba ananiita. Nikashika abaya, nikaingia majini hadi magotini. Baridi ile ilinikata pumzi. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nakwenda tu kwa mume wangu. Na hapo hapo nikamwona anainama, anaokota fimbo, anarusha mshipi.

Anavua. Nilirudi nyuma nikakaa kwenye jiwe kwa hasira. Nimeacha mtoto, nimeazima gari, nimelia njia nzima, na bwana mkubwa anavua. Nikasema peke yangu maneno ambayo mke wa mtu hasemi. Lakini pia, siwezi kukataa, moyo ulishuka kidogo. Mtu anayevua si mtu anayekufa, nilijiambia. Angekuwa hatarini angekuwa na akili ya samaki?

Mchana wote ulikwenda hivyo. Maji yakipanda, wimbi moja moja likawa linapita juu ya mwamba na kumlowesha mapaja. Likija kubwa aliweka fimbo chini na kujishikilia kwa mikono miwili, na mimi nasimama, nateremka, maji yananipanda miguuni. Likipita, anaokota fimbo, anarusha tena. Ninarudi, nakaa, natukana. Mara moja niliiona fimbo imepinda nusu duara, naye ameegemea nyuma, anavutana. Nikajua amenasa chewa mkubwa, na nikajua vilevile kwamba wataanguka wote wawili, yeye na samaki wake. Nilimwomba Mungu mshipi ukatike. Ukakatika. Nikamwona amekaa chini, anafunga ndoana nyingine kwa meno, polepole sana, na nikaapa kwamba fimbo ile ikifika nyumbani naivunja vipande.

Mzee wa wavu aliniletea blanketi lake. Nililichukua bila kushukuru.

Alasiri ikaenda, na maji yakaanza kushuka. Kwanza yaliacha alama nyeusi kwenye mwamba, kisha mawe ya mferejini yakaanza kuonekana baina ya wimbi na wimbi. Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya milima mume wangu alipoingia mferejini, maji kiunoni, fimbo ameifanya mkongojo. Mzee alimwendea akamshika mkono. Mimi nilibaki nimesimama, nimeyapanga maneno yangu yote kwa zamu, na nilikuwa nimeanza na mama yake.

Alipofika nilimwona midomo ina rangi ya kijivu. Alijaribu kufungua mlango wa gari, vidole vikakataa. Nikamfungulia, nikamwingiza, nikamfunika blanketi, nikawasha hewa ya moto. Nilingoja meno yaache kugongana.

"Yuko wapi chewa wako?" niliuliza. "Uliyevutana naye hata hukunijali."

"Hapakuwa na chewa. Ndoana ilinasa kwenye jiwe."

"Na hao uliokuwa ukiwarushia chambo mchana kutwa?"

"Chambo kilichukuliwa asubuhi, mfuko mzima, na wimbi la mwanzo." Alikuwa anaitazama mikono yake mbele ya ile hewa ya moto, anajaribu kuikunja, haikunjiki. "Nkirusha ndoana tupu."

Nilimwuliza ni wazimu gani huo, mtu anaganda kwa baridi, bahari inamtaka, halafu anarusha ndoana tupu.

"Nkivua, ulikuwa unakaa," alisema. "Nkiiweka fimbo chini, unaingia majini. Na kuogelea hujui."