Likizo Tuliyomfuata Baba Ulsan

Enzi zile skuli zikifungwa, watoto wa Muscat tulishindana kwa safari. Wenye jamaa Unguja walikwenda Unguja, wengine Salalah kufuata mvua, na waliobaki walipelekwa pwani ya Qurum kula aiskrimu yenye mchanga. Mimi, darasa la nne, niliwashinda wote. Nilikwenda Ulsan. Hakuna aliyepajua, na mwalimu wa jiografia akaniambia niache uongo.

Wallahi haukuwa uongo. Ulsan ni mji wa viwanda Korea, uko baharini, na baba yangu alikuwa huko mwaka wa tatu. Ni fundi mitambo, na kampuni yake ilimpeleka kusimamia meli za gesi zikiundwa. Simu za kuonana uso hazikuwapo. Baba alikuwa sauti tu, kila Ijumaa baada ya sala, na sisi tumejipanga mbele ya simu ya ukumbini. Mdogo wangu Nassor, ambaye Baba alimwacha mchanga, alikuwa akiubusu mkono wa simu kisha anakimbia zake. Sasa kampuni ikamtaka Baba abaki miaka mitatu mingine, kwa cheo kikubwa. Karatasi zilikuwa tayari, bado saini yake. Mama hakubishana naye kwenye simu. "Nnakwenda mwenyewe," alimwambia Bibi, "na nnataka nirudi naye."

Baba alitupokea uwanja wa ndege wa Busan na gari ya kukodi, akiendesha mwenyewe, tukashika njia ya Ulsan, saa moja na ushei. Milima ya kijani kibichi, na mahandaki! Kila tukiingia handaki Mama akisoma dua, na kila tukitoka mimi na Baba tukiitikia "Amin!" kwa kelele. Nassor alikaa mapajani mwangu akimchungulia dereva.

"Nani huyu?"

Nikamwambia ni Baba. Akanicheka. Yeye alijua baba yake yumo kwenye simu. "Ami," akasema, na ikabaki hivyo hivyo: ami, jina tunalomwita kila mwanamme wa heshima, hata muuza mboga. Baba akajifanya hakusikia, akatuonesha mabomba ya viwanda.

Lakini mji ule, ya salaam! Winchi kila upande, ndefu ndefu, na magari mapya yamepangwa bandarini safu kwa safu yakingoja kupakiwa. Nilitafuta gari kama yetu ya Muscat. Meli ya Baba ilikuwa ndefu kuliko mtaa wetu mzima wa Ansab. Saa za kutoka kazini wafanyakazi walimiminika na pikipiki, wote nguo za kijivu, na Mama akasema mke akimpoteza mumewe hapa, basi tena. Nilidhani ni utani. Siku nne tulipiga picha tano, na moja ni kidole cha Baba. Vijana wa leo wangezipiga tano kwa bakuli la supu tu, supu ikapoa.

Asubuhi ya Ijumaa Mama akatoa silaha zake, chetezo na udi, alivyovificha ndani ya kanzu mpya za Baba. Fleti ya Baba ilikuwa safi, baridi, na vijiko viwili. "Nyumba gani hii haina harufu ya watu!" Akawasha mkaa, akafukiza mapazia, mito, mpaka viatu. King'ora kikalia jengo zima. Ghorofa kumi na mbili zikashuka kwa ngazi, wazee, watoto, mwanamme mmoja na povu la kunyolea ndevu usoni, na nyuma yao sisi, Mama na buibui lake, chetezo mkononi kinafuka moshi. Baba alimwinamia kila mtu akiomba radhi mpaka mgongo ukamuuma. Bibi mmoja wa Kikorea akasogea, akanusa, akatandaza shali yake juu ya moshi utadhani kazaliwa kwetu Sidab. Mama akamfukiza kwa raha zake. Tulicheka mpaka zimamoto wakafika. Baba alicheka kuliko sote, lakini tuliporudi juu karatasi za kampuni zilikuwa pale pale mezani na kalamu yake.

Siku ya nne akaturudisha Busan. Safari hii mahandaki Mama aliyasomea dua kimoyomoyo, na hakuna aliyeitikia. Pale mlango wa wasafiri Baba alichutama, akamfungulia Nassor mikono. Nassor, mtoto wa adabu, akaushika mkono wake, akaubusu kama tulivyomfunza.

"Ahsante ami kututembeza. Baba akipiga simu ntamwambia."

Baba alibaki amechutama. Mama akamshika bega, naye hakunyanyua uso.

Hakutia saini. Baada ya miezi miwili alirudi Muscat, akapewa meza ndogo ofisini, na cheo hakukipata tena. Aliondoka nyumbani asubuhi na kurudi adhuhuri kama baba wa mtu yeyote, na sisi tukamzoea mpaka tukaanza kumkimbia asitusomeshe hesabu.

Siku hizi mume wangu ndiye aliye mbali kikazi. Wanangu wanamwona kila jioni kwenye kioo cha simu, wanajua kanyoa lini na kala nini, na sote tunasema alhamdulillahi, dunia imekuwa ndogo. Jana alikuwa katikati ya maneno, mdogo wao akachoka, akambonyeza akamzima, akarudi kwenye mchezo wake. Nimekaa na simu mkononi mpaka sasa, natafuta namna ya kumwambia baba yao arudi.